Reli ya Chukwani
Chukwani, kusini mwa Mji Mkongwe, ilionja reli kabla ya lami. Mwaka 1879 sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alitandaza njia ya reli kutoka kasri lake la mjini hadi la huko. Mabehewa mawili yakakokotwa na nyumbu mpaka garimoshi lilipoagizwa Uingereza mwaka 1881. Alipofariki mwaka 1888, chuma kikang'olewa. Siku hizi, kwa maendeleo, abiria hubanana ndani ya daladala. Magofu ya kasri yamebaki, na Chukwani hiyohiyo ndiko liliko Baraza la Wawakilishi, ambako maneno hayajapata kuadimika. Pembeni mwa njia, ukuta wa kiwanja umeandikwa kwa rangi nyekundu, "Hakiuzwi". Chini yake, namba ya simu.