Mashine ni ya Nani?

Juzi niliketishwa chini ya mwembe, mbele ya wazee na watoto wa shule walio likizo, nikatakiwa kulipa matofali ambayo sijawahi kuyaona yakiwa mazima. Mshtakiwa halisi, shemeji yangu, alikaa upande wa watazamaji. Alikuwa akitikisa kichwa kwa huzuni, eti amekuja kunipa pole.

Kisa ni mashine ya maji. Shemeji aliiazima amwagilie mahindi na migomba yake kwenye ukingo wa Tana, karibu na Garsen, na ndugu wa mke haulizwi ya nini. Akaitega, akaiwasha, akaona maji yamekamata mfereji, akapanda bodaboda kwenda Minjila kunywa chai. Chai ya Minjila haina mwisho. Pale njia panda hupishana magari ya Malindi, Lamu na Hola, na kila gari hushusha habari mpya. Huku nyuma mfereji ukapasuka, maji yakaingia uwanjani kwa jirani, ambako matofali ya udongo yasiyopungua mia nane yalikuwa yameanikwa yakisubiri tanuri. Shemeji aliporudi yalikuwa udongo tena, laini, tayari kufyatuliwa upya. Yeye anashikilia mpaka leo kwamba hapo hapana hasara: mali yote ipo palepale, imebadilika umbo tu.

Niruhusuni niieleze mashine yenyewe, maana barazani nilinyimwa nafasi ya kumaliza, na kwa kweli ni kitu cha ajabu. Watu hudhani inavuta maji. Haivuti! Ndani ya pampu kuna gurudumu lenye mapanga linalozunguka na kuyatupa maji nje kwa kasi. Nyuma yake shinikizo hupungua, na hewa ya dunia nzima, iliyoukalia uso wa mto, ndiyo inayoyasukuma maji yapande kwenye mpira. Ndiyo sababu lazima kwanza uijaze pampu maji kwa mkono, la sivyo itanguruma kutwa bila kutoa tone. Na hewa hiyo ina kikomo: huku kwetu karibu na bahari haiwezi kuyainua maji zaidi ya mita 10 na kidogo, na ukiondoa msuguano wa mpira na viungo vinavyovuja, shambani unabaki na kama 7. Basi kiangazi, mto unaposhuka, mashine nayo inateremshwa kuufuata, hatua kwa hatua, kwenye kingo zenye mamba. Mvua zikinyesha milimani huko juu, inapandishwa mbio usiku isisombwe. Ya inchi 3, kama yangu, huweza kutoa karibu lita 1,000 kwa dakika mambo yakiwa mazuri, kwa hiyo chai ya saa moja ni lita 60,000. Nilikuwa nimefika hapo kwenye hesabu mzee mmoja aliponikata.

"Mashine ni ya nani?"

Jina langu liko kwenye tangi, kwa rangi nyekundu, kila herufi upana wa kiganja. Nililiandika kwa ajili ya wezi. Wezi hawajalisoma. Wadai wamelisoma.

Na sheria iko upande wangu! Mahakama zetu hurejelea kesi za Uingereza, na huko mwaka 1899, katika kesi ya Coughlin na Gillison, mtu alikuwa ameazimisha injini ya mvuke bila malipo, boila likapasuka, na majaji wakasema mwenye mali hadaiwi kama hakuujua ubovu. Yangu haikuwa na ubovu wowote. Kosa lake ni kufanya kazi vizuri mno. Uzembe ni wa aliyekwenda kunywa chai, na sikumtuma mimi chai.

Imamu naye alijaribu kunitetea. Mtume, alisema, alipoazima deraya za Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn, alizichukua kwa dhamana, na ndiyo maana kwa Mashafii, yaani sisi watu wa pwani, aliyeazima hubeba dhamana ya alichoazima. Wazee wakakubali kwa kauli moja: mashine ikiharibika, shemeji atanilipa. Lakini mashine haijaharibika, yaliyoharibika ni matofali. Nikasema basi twende kwa kadhi. Nikajibiwa kuwa Katiba ya 2010, ibara ya 170, imemwachia kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Anaweza kunitenga na dada wa shemeji, si na deni la shemeji.

(Panga nililompa mjomba lilirudi mpini. Pikipiki niliyompa mpwa ilirudi na askari.)

Nikalipa shilingi 4,000. Lakini mwaka 2018, na tena 2024, mvua zilipozidi na mabwawa ya huko juu yakatapika, hapa chini yalizama mashamba, zikaanguka nyumba, watu wakahamia chini ya maturubai. Yaliyeyuka matofali ya vijiji vizima, yakiwa tayari ni kuta. Hapakuitishwa baraza chini ya mwembe wowote. Hakuna aliyeuliza maji yale ni ya nani, wala nani aliyafungulia akaenda zake kunywa chai. Tuligawiwa unga na maharagwe, tukaambiwa ni kazi ya Mungu. Na mabwawa yale yana majina, tena makubwa kuliko langu, watoto huyakariri katika vitabu vya jiografia.

Jana mke wangu akaleta salamu: kaka yake anaiomba tena mashine, mahindi yanakauka. Nikachukua karatasi nikaandika kwamba aliyeazima atawajibika kwa hasara yoyote itakayompata mtu mwingine, nikaacha nafasi ya saini na ya shahidi. Shahidi akawa mama mkwe. Alivaa miwani, akaisoma polepole kama hati ya shamba, akiitikia kila kifungu.

"Vizuri sana, mwanangu," akasema. "Mambo ya ndugu yaandikwe. Sasa ile mahari iliyobaki, tuiandike kifungu cha ngapi?"

Jioni nilimsaidia shemeji kuipakia mashine kwenye mkokoteni, pamoja na mpira na galoni ya petroli.