Wa Kwanza kwa Lipi?

Kutia namba mistari inayorudishwa na kanzidata ni kazi ya chekechea: moja, mbili, tatu. Labda ndiyo maana inawaumbua watu wazima. Chukua kanzidata ya Oracle na ROWNUM yake, yaani namba inayoupa kila mstari unaorudishwa. Ukiomba mstari ambao ROWNUM = 1, unapewa. Ukiomba ROWNUM = 2, unaambulia patupu hata jedwali likiwa na mistari milioni. Bawabu wa Oracle humwita moja yule anayefika mlangoni, na hesabu haisogei mpaka ampitishe mtu. Wewe umemtaka wa pili, kwa hiyo wa kwanza anatimuliwa. Anayefuata sasa ndiye moja, naye anatimuliwa. Foleni inaisha hivyo, kila mtu kawa wa kwanza na hakuna aliyeingia. Tena bawabu huyo hugawa namba kabla ORDER BY, amri ya kupanga, haijapanga watu. Ukiomba bei kumi za juu bila kuzipanga kwanza katika swali la ndani, utapata bei kumi zozote zile, zimepangwa kwa adabu.

Tusimwonee bawabu. Makala ya E. F. Codd ya mwaka 1970, iliyozaa kanzidata hizi, ililichukulia jedwali kuwa seti, na seti haina mbele wala nyuma. Namba basi si mali ya mstari, kama jina au bei. Ni mali ya mpangilio uliouchagua mwenyewe. Utasema mbona kila siku mistari huja vilevile. Huja vilevile hadi siku faharasa mpya inapoongezwa, na hapo hutakuwa na wa kumshtaki, maana hukuahidiwa kitu. Basi tutumie kitambulisho kinachojiongeza chenyewe? Hicho ni kinywa cha mzee: kila mstari unaofutwa unaacha pengo, na muamala ulioghairiwa mara nyingi huondoka na namba yake.

Dawa ni amri ya ROW_NUMBER(), iliyoingia mwaka 2003 katika kiwango cha SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, nawe ukaitajia unapanga kwa lipi. (MySQL iliisubiri hadi toleo la 8.0, mwaka 2018.) Hata hivyo, wanafunzi wawili wakiongoza kwa alama 87, ROW_NUMBER humpa mmoja 1 na mwenzake 2 bila sababu, na kesho yaweza kuwageuza. Ndugu yake RANK huwapa wote 1, anayewafuata akawa 3. Ndugu mwingine, DENSE_RANK, humfanya 2. Mzazi wa huyo anayewafuata ana haki ya kuuliza ni ipi iliyotumika.