Mwaka wa Matayarisho

Tangu enzi za Wasovieti, mgeni anayekwenda kusoma Moscow hupewa kwanza mwaka wa matayarisho, ajifunze Kirusi kabla hajagusa udaktari wala uhandisi. Vijana wetu huondoka wakitamba: sisi tuliolelewa na ngeli, jinsia tatu na hali sita za nomino zitatufanya nini? Haya, wakutane na vitenzi vya mwendo! Kwenda kwa miguu kivyake, kwenda kwa gari kivyake. Kwenda moja kwa moja na kwenda na kurudi navyo havipikwi chungu kimoja. Namjua bwana mmoja, shahada yake imening'inia sebuleni. Ukimwomba Kirusi kidogo, koo humuuma ghafla. Lakini hukohoa kwa lafudhi safi kabisa.