Barua ya Wazi kwa Mhusika wa Vibali: Naomba Niwe Gunia la Kahawa

Ndugu Mhusika,

YAH: OMBI LA KWENDA KAMPALA KWA HADHI YA GUNIA LA KAHAWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mkazi wa Nkwenda wilayani Kyerwa. Nakusudia kutoka Ijumaa, nivuke daraja la Murongo, nilale Mbarara, Jumamosi nishinde Kampala: niione Makerere alikoanza kusoma Mwalimu Nyerere mwaka 1943, nile rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya moto barabarani, nisukumane na watu soko la Owino. Jumapili nirudi. Safari yenyewe ni ndogo hata naona aibu kuiandikia barua, lakini dirishani kwenu niliambiwa niandike.

Kwanza nawapongeza kwa umakini. Nilileta cheti changu cha kuzaliwa, mkataka cha baba. Nikaleta cha baba, mkauliza babu alizaliwa wapi. Babu alizaliwa kibanjani, Ndugu Mhusika, kwenye migomba, na mkunga wake hakuwa na mhuri. Kisha ofisa akanisikia nikiongea Kinyambo na mama kwenye simu, akaweka kalamu chini: “Mbona unaongea kama Mnyankole wa Uganda?” Swali zuri. Natumaini mto Kagera nao utaitwa kuhojiwa, maana unanywesha pande zote mbili za mpaka.

Ikaja barua ya mtendaji, ikafuata ya mwaliko. Kampala nimealikwa na nani? Nimejialika. Nikaomba hati ya dharura, nikaulizwa dharura yangu ni ipi. Kumbe hamu ya kuona jiji si dharura. Basi ikabaki pasipoti, shilingi 150,000, kwa mtu wa kushinda huko siku moja. Waganda, Wakenya na Wanyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa tu tangu 2014. Sisi tuliopewa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha tumeona hiyo ni haraka isiyo na baraka.

Wazee wetu nao walikuwa na utaratibu wao. Mpelelezi Mwingereza Speke alifika huku kwetu, enzi za ufalme wa Karagwe, kwa Mukama Rumanyika Novemba 1861, akasubiri ruhusa ya Kabaka Mutesa wa Buganda. Januari 1862 ruhusa ilikuja, tena na watu wa kumsindikiza. Wiki kama sita, bila kompyuta wala alama za vidole! Ni kweli mwenzake Grant aliachwa nyuma akiuguza mguu, lakini angalau alijua sababu.

Sasa nije kwenye kahawa. Kila msimu naiona ya kwetu, isiyo na cheti cha kuzaliwa wala babu anayejulikana. Giza likiingia inapakiwa kwenye bodaboda, inafika mtoni, inavuka kwa mtumbwi, na kunakucha iko Uganda inalipiwa fedha taslimu. Nyingine ilishauzwa kwa butura ikiwa bado ua mtini, yaani barua yake ya mwaliko inayo tangu utotoni. Najua mara mojamoja hukamatwa. Hata ikikamatwa, sijasikia ikiulizwa mbona inanukia kama ya Ankole.

Kwa hiyo naomba niandikwe kahawa. Aina: robusta. Hali: maganda, sijakobolewa. Uzito: kilo 58 nikiwa nimeshiba ndizi na maharage, kwa hiyo gunia moja linanitosha. Sitapiga chafya njiani, na nikifika Kampala niko tayari kuitwa kahawa ya Uganda kama wenzangu, sina kinyongo.

Jambo moja tu linanitatiza. Kahawa ikishavuka hairudi, na mimi Jumatatu saa mbili asubuhi nina mtihani. Kama kwenye mafaili yenu ipo kahawa iliyowahi kurudi, naomba nielekezwe dirisha lake, na kama linafungwa saa ya chakula.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi,
Nkwenda, Kyerwa.

Nakala: Mwenye mtumbwi, zamu ya usiku.