Ngome Isiyokosa Kazi

Ngome ya Lamu, iliyo katikati ya mji, ilianza kujengwa karibu mwaka 1813, baada ya vita vya Shela, ikakamilika 1821. Kazi yake ilikuwa kuwazuia maadui wasiingie. Mwaka 1910 Waingereza, kwa busara yao, waling'amua kwamba ukuta unaomzuia mtu kuingia humzuia vilevile kutoka, ikawa gereza. Uhuru ulipofika 1963 bendera ilibadilishwa usiku huohuo. Makufuli, kwa kuwa yalikuwa bado mazima, yaliachwa yalitumikie taifa hadi 1984.

Kisha ikawa makumbusho, na hapo ndipo maendeleo yanapoonekana. Mfungwa aliingia bure, akalishwa, akalindwa usiku kucha. Mtalii hulipa kiingilio langoni na saa ya kufunga hutolewa nje, njaa juu yake. Ua walikoota jua wafungwa sasa ni wa mikutano, ambayo nayo haina ruhusa ya kutoka kabla ya muda. Mwananchi hupunguziwa kiingilio, pengine kwa kukumbuka kwamba mishahara ya askari jela ilitoka kwenye kodi yake.