Sifa za Kamati Isiyoamua

Katika kampuni ya viwanda yenye matawi nchi kadhaa, hakuna kinachosimangwa kama kamati ya kuchagua programu ya kuendeshea biashara. Inakutana, inakunywa chai, inadai ufafanuzi, inaahirisha. Mkurugenzi anataka mfumo mmoja wa ununuzi, uzalishaji, ghala na uhasibu wa viwanda vyote. Kila robo mwaka anapigwa danadana. Mimi naona kamati hiyo ipewe heshima zake, na posho ya kikao iongezwe.

Tazama kinachotokea mezani. Wazabuni wakiulizwa kama programu yao inaweza hili au lile, wote hujaza "ndiyo". Hata swali lisiloeleweka hujaziwa "ndiyo". Kamati, ikiwa haina tena cha kuwauliza wauzaji, huanza kuulizana yenyewe. Hapo ndipo inapogundulika kwamba bolti ile ile ina namba tatu katika viwanda vitatu: kimoja huihesabu kwa kilo, kingine kwa boksi, cha tatu moja moja, tena kwa majivuno. Mhasibu anasema mzigo umeuzwa ukitoka getini. Mtu wa mauzo anashikilia kwamba uliuzwa tangu mteja alipoitikia kwenye simu. Ubishi huu hula miezi, na ni miezi halali. Programu ya kununua ikiwa tayari haibishani na mtu. Ina jibu lake moja, na ukishasaini mkataba, kulibadilisha ni kwa fedha yako.

Waliokosa kamati ya namna hii wanajulikana. Hershey, watengeneza chokoleti wa Marekani, waliubana mradi wa miezi 48 wa kufunga programu za namna hii uishe kwa 30, wakawasha mifumo mitatu kwa mpigo Julai 1999, oda za Halloween zikianza kumiminika. Sehemu ya peremende ilikuwa imewekwa katika vyumba vya ziada ambavyo kompyuta haikuvitambua kuwa ghala. Bidhaa zipo, maduka yanazililia, na oda za takriban dola milioni 100 hazikutimizwa. Mzee mmoja msumbufu kwenye kamati, wa aina ile inayouliza "na ile stoo ya nyuma je?", angewafaa kuliko washauri wote waliolipwa.

Utanijibu kwa Lidl, wenye maduka wa Ujerumani, waliohangaika miaka saba na mfumo wa kampuni ya programu ya SAP, wakautupa mwaka 2018 baada ya kuteketeza, kwa taarifa za magazeti, takriban euro milioni 500. Miaka saba si haraka, kweli. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya kushona na kufumua kilichokwisha kununuliwa. Lidl walithamini mali yao kwa bei ya kununulia, mfumo ulizoea bei ya kuuzia. Huo ni ubishi wa chai na maandazi, nao waliufanya kwa bei ya ujenzi.

Wengine watasema anayesitasita huachwa na programu mbovu isiyo na mtu wa kuihudumia. SAP wenyewe walitumia tishio hilo: huduma ya programu yao ya zamani ingekoma 2025. Wepesi wakaanza kukimbizana. Februari 2020 SAP wakasogeza tarehe hadi mwisho wa 2027, na waliokuwa bado kwenye ajenda ya kwanza wakaongezewa miaka miwili bila kuandika hata barua ya kuomba.