Jinsi ya Kuipeleka Familia ya Newala Ziwani

Mwongozo huu nimemwandikia baba mwenye nyumba wa Newala ambaye pesa za korosho zimeingia benki juzi na bado hajamwambia mtu. Kama umeshamwambia mtu, acha kusoma hapa hapa. Pesa hiyo imekwisha.

Anza kwa kuchagua ziwa. Siku hizi watu wenye nafasi hupumzikia kwenye maziwa ya jangwani, na ukishaiona picha moja tu ya Ziwa Turkana, maji ya kijani yamezungukwa na mawe meusi, utalala usiku ule ukijiona umekaa ukingoni juu ya kiti cha plastiki, suruali umeikunja, miguu majini. Basi nenda kasome kidogo. Turkana halina mwenzake duniani kwa ukubwa katika maziwa ya jangwani: urefu wake ni kilomita zipatazo 250. Maji yake mengi huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, na hakuna mto unaoyatoa. Yanayoingia yanakaa humo mpaka jua liyamalize, ndiyo maana yana magadi. Mamba wamo kwa maelfu, na upepo wa huko hauheshimu hema la mtu. Kutoka Newala ni zaidi ya kilomita 2,000, kwa hiyo ukiondoka Ijumaa jioni, ukifika watoto wanatakiwa wawe mstarini shuleni.

Ziwa Natron angalau liko kwetu Tanzania. Ni Dar es Salaam, Arusha, Mto wa Mbu, halafu vumbi mpaka Engare Sero, zaidi ya kilomita 1,300. Kina chake hakifiki mita 3, na magadi yake ni makali ya kuchubua ngozi. Wanaolifurahia ni heroe, ambao huenda kutagia mayai yao humo kwa kuwa wanyama wala mayai wanaogopa kuyakanyaga yale matope. Mahali ambapo hata fisi amekata tamaa usimpeleke mama mkwe. Atauliza ulikuwa na maana gani.

Kazi ya kuchagua ziwa huchukua jioni tatu. Jioni ya nne utagundua kwamba jangwa tayari unalo, umejenga juu yake.

Hapa naomba niingie kwa kirefu, maana wageni hawatuelewi. Uwanda wa Makonde ukiupima kwa mvua si jangwa hata kidogo. Mvua inanyesha, milimita zipatazo 1,000 kwa mwaka, mikorosho inastawi, mihogo inanenepa. Tatizo ni udongo. Udongo wetu ni wa kichanga, unakunywa kama mgeni aliyetembea kutwa. Maji yanazama, yanapita chini ya nyumba zetu bila kupiga hodi, yanakwenda kuchomoza mguuni mwa mlima: Kitangari, Mitema, Ndanda. Sisi tunanyeshewa, wenzetu wanachota. Kutoka Mitema maji husukumwa kwa mashine yapande tena kutufuata, na siku yakifika bombani mtaa mzima unajua bila tangazo la mtu. Zilizobaki ni siku za kisima cha maji ya mvua uani, na kisima kikikauka, ni siku za kununua dumu kwenye baiskeli na kumwita mwenye baiskeli "mheshimiwa".

Wazee wetu hawakupanda huku kwa kutojua. Bondeni kulikuwa na maji, lakini kulikuwa pia na wavamizi na wakamata watumwa, nao waliona ni heri kiu kuliko mnyororo. Mwaka 1906 msomi wa Kijerumani, Karl Weule wa Leipzig, alikaa Newala akichunguza mila zetu, na jambo mojawapo lililomshangaza ni watu kujenga mbali hivi na maji. Alikuwa mgeni. Hakukimbizwa na mtu.

Mwaka huohuo wa 1906, Wabenediktini ambao misheni yao ya Lukuledi iliharibiwa katika Vita vya Maji Maji walikuwa wanatafuta pa kuanzia upya. Hawakupanda mlima. Walijenga Ndanda, palepale maji yanapotokea. Watu huwasifu kwa sala, kwa hospitali na kwa shule. Mimi nawavulia kofia kwa kuchagua kiwanja. Leo maji ya chemchemi za Ndanda hutiwa chupani na kuuzwa madukani, kwa hiyo huenda mvua iliyopiga bati langu mwaka juzi nimeinunua tena, safari hii imevaa kifuniko.

Kwa hiyo safari ni ya Ndanda. Mlimani juu ya misheni kuna bwawa. Si ziwa, najua, lakini kwa mtu wa Newala maji yoyote yasiyoonekana mwisho wake kwa kuinamia ndoo ni ziwa. (Asiye na nauli aende Shimo la Mungu, hapo ukingoni mwa Newala, alitazame bonde la Ruvuma mpaka ng'ambo ya Msumbiji. Atayaona maji bila kulowa. Utalii wa namna hiyo tumeufanya vizazi vingi.)

Tarehe. Usipange Juni wala Julai, utakuwa unapuliza salfa kwenye mikorosho na kukohoa. Agosti na Septemba kuna ngoma za jando na unyago, na usipoonekana kwenye ngoma ya mtoto wa mwenzako utaicheza ya mwanao peke yako. Oktoba korosho ziko ghala kuu zinasubiri mnada, na wewe unasubiri pamoja nazo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, mkulima wa Kusini amejifunza subira ambayo vitabu vya dini vilikuwa vimeshindwa kumfundisha. Desemba mvua, unapanda. Kwa hesabu zangu mwaka una wikiendi moja inayofaa, mwezi Novemba, nayo huangukia siku ya harusi ya jirani.

Sasa familia. Kama wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba mwenye neno juu ya watoto ni mjomba, na hata wewe mwenyewe, na mvi zako, una mjomba. Mpigie simu mapema. Mimi nilipiga hivi:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia mnakwenda Ndanda. Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, mjomba."

"Kuna mtoto anaingia sekondari?"

"Hapana, mjomba."

"Msiba?"

"Hakuna msiba. Tunakwenda kupumzika tu, siku mbili."

Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akauliza, kwa upole kabisa: "Mmechoka nini?"

Usijaribu kulijibu swali hilo. Mtu wa Newala haendi Ndanda ila kuna aliyelazwa, na ukisema hakuna, maana yake hali ni mbaya na mnaficha. Kufika magharibi majirani wawili walikuwa wamekwisha kuja kutoa pole, mmoja na kuku, mwingine na mayai kwenye kikapu. Nilieleza. Wakatikisa kichwa kwa huruma, wakasema Mungu ni mwema. Ushauri wangu: pokea. Pole hairudishwi, na mayai yakichemshwa hukaa vizuri safarini.

Noah ya kukodi ina nafasi ya watu saba. Andika watu saba kwenye karatasi, ibandike mlangoni, kisha usishangae asubuhi ukikuta kumi. Bibi lazima. Mtoto wa shangazi aliyekuja kusalimia Jumatano lazima, kwa kuwa utamwachia nani? Na mjomba alimtuma mwanawe, nadhani kuja kuthibitisha kama mgonjwa yupo.

Mizigo ndiyo sura ngumu ya mwongozo huu. Mimi nilifunga begi dogo: kaptula, taulo, redio, korosho za kukaanga. Mke wangu alifunga madumu tisa ya lita 20.

"Mama watoto, tunakwenda kupumzika."

"Nimesikia."

"Sasa madumu ya nini?"

"Baba watoto, nifike kwenye maji yote hayo, niyaangalie, nirudi mikono mitupu? Mimi nina akili timamu."

Kanuni: baba asibishane na dumu. Mwanamke wa mlimani amelelewa na mama aliyekuwa akiamka alfajiri ya kwanza, akateremka bondeni na mtungi, akapanda nao kichwani jua likimwakia usoni, na maji yale yakapikia, yakanywewa, yakaogewa, mwisho yakamwagiliwa mchicha. Kwake maji ni kazi. Umwambie leo ni mchezo, atakuitikia "sawa", huku anakaza vifuniko.

Njiani sina la kuandika. Newala hadi Masasi watoto walitapika kwa zamu. Masasi hadi Ndanda, kama kilomita 40, walilala.

Mkifika, ombeni ruhusa kwanza, mkumbuke ni nyumbani kwa watawa. Vaeni kwa adabu, redio ibaki garini. Halafu pandeni mlima kwa miguu, ninyi ambao mmelipa gari kuteremka mlima. Kuhusu kuogelea, tusidanganyane: watu wa Newala tunajua kuoga kopo moja na kubakiza. Baba aliyejisifia njia nzima kwamba aliwahi kuogelea Mikindani ajihadhari. Aingie hadi magotini, aweke mikono kiunoni, atazame mbali kama mtu anayefikiria kununua eneo. Watoto wakimwita kwenye kina aseme maji yaliyotuama yana kichocho. Ni kweli kwamba konokono wa maji matulivu hueneza kichocho mahali pengi nchini, kwa hiyo mtakuwa mmepata somo la afya na heshima ya baba imebaki kavu.

Bibi hakuingia. Alivua ndala, akazishika mkononi, akasimama hatua tatu kutoka ukingoni kama mtu aliyefika kwenye baraza la mkubwa. Akauliza haya yote ni ya nani. Nikamwambia ya misheni, ya Mungu, ya watu. Akatikisa kichwa. Watoto wakaanza kurushiana maji, na hapo bibi akapandisha sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Msiyamwage!"

Wakasimama, wamelowa, wanatazamana. Mtoto wa mjomba ndiye aliyethubutu: "Bibi, si yanaangukia humohumo?" Bibi akasema hata kama. Walicheza tena baadaye, lakini polepole, wakiyachota kwa viganja na kuyarudisha.

Usiku tulilala gesti, na hapa mwongozo unakatika, kwa sababu bafuni kulikuwa na bomba linalotoka. Mtoto wa pili alioga mara tano. Nilipoamka Jumapili kutafuta chai niliyoilipia nikakuta kamba zote za uani zimeanikwa: sare za shule, mashuka, vitenge vya bibi, na mapazia ya sebuleni kwangu, ambayo mke wangu aliyafungua dirishani Ijumaa usiku mimi nikikoroma, akayatia kwenye begi lililoandikwa "chakula". Mwenye gesti alisimama mlangoni akiyatazama. Hakusema kitu. Alitupa bili, nasi hatukuipunguza. Kisha, uungwana wake, akaturuhusu kujaza madumu.

Ukitaka kupanga safari ya kurudi, piga hesabu hii mapema, mimi niliikosa. Madumu tisa ya lita 20 ni kilo 180. Ongeza watu kumi, dereva, kuku (hatukumchinja, aliona safari yote), na mapazia mabichi. Noah ilitembea vizuri kwenye tambarare. Mlima ulipoanza ikaguna, ikapunguza, ikasimama. Dereva akavuta breki ya mkono, akageuka, akasema kwa adabu kwamba kimoja kishuke: watu au maji.

Hakuna aliyeuliza. Bibi ndiye aliyefungua mlango.

Tukashuka, maji yakapanda gari. Tukayafuata nyuma kwa miguu, kumi, mmoja amebeba kuku, kwenye mteremko uleule ambao bibi aliupanda na mtungi akiwa mwari. Alikuwa mbele yetu. Nilipomfikia ninahema akaniambia kwamba zamani walikuwa wanapumzika mara mbili njiani, na kwamba huko ndiko kupumzika alikokuwa anakujua yeye.

Jirani wa mayai alikuja jioni kuuliza hali ya mgonjwa. Tulimwambia anaendelea vizuri. Madumu manane yaliisha Jumatano. La tisa liko chini ya kitanda cha bibi, na ukienda kumsalimia, tafadhali usiliulizie.